Farasi anashtuka ovyo? Soma mshtuko kabla ya kuutibu

Muulize saisi, mtunza farasi, kwa nini farasi fulani hapandiki, na mara nyingi jibu ni moja: "Huyo ana wazimu tu." Muulize mwenye farasi, naye atakutajia kitu: gunia, mbwa, mwavuli, bodaboda. Majibu yote mawili hayakufikishi mbali. Gunia lilikuwa pale pale jana. Swali ni kwa nini leo, kwa nini upande huu, kwa nini akiwa na mpanda huyu na si yule. Mshtuko una mpangilio wake, na ukishauona mpangilio umekaribia kukiona chanzo.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha lijamu, kununua unga wa kutuliza au kumshikia fimbo, weka daftari kwenye chumba cha matandiko. Kila akishtuka, andika ni kitu gani, kilikuwa upande wa jicho la kulia au la kushoto, ilikuwa saa ngapi, upepo ulikuwaje, nani alikuwa mgongoni, alikuwa na mwenzake au peke yake, na siku mbili zilizotangulia alikula nini na alifanya kazi gani. Saisi naye aandike, maana yeye ndiye anayeshinda na farasi, si mpanda wa Jumamosi. Baada ya wiki mbili tatu, soma kurasa hizo halafu zilinganishe na dalili zilizo hapa chini.

## Mshtuko usiohitaji tiba

Farasi ni windo, na ameumbwa hivyo. Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa, anaona karibu duara zima bila kugeuza shingo, nyuzi kama 350. Asikoona ni nyuma ya mkia, mbele ya paji la uso na chini ya pua. Pembeni anaona kwa jicho moja moja, na huko jicho linanasa mwendo upesi lakini halipimi vizuri umbali. Ndiyo maana akihisi kitu huinua kichwa na kugeuka akitazame kwa macho yote mawili. Mpanda anayemkaba hatamu wakati huo anamnyima jibu analolitafuta. Masikio nayo yanapokea sauti nyembamba hadi mitetemo 33,000 hivi kwa sekunde, ilhali sisi tunaishia 20,000. Basi ukisema "hapa hakuna kitu", unasema hakuna kitu unachokisikia wewe.

Farasi mzima akisimama, akakodoa macho, akakoroma puani, akashusha pumzi na kuendelea, hana tatizo. Hata akiruka kando hatua moja kwa sababu kwale wamefumuka kwenye nyasi miguuni pake, hana tatizo. Shughulika naye ikiwa anageuka na kutoka mbio, ikiwa hatulii hata dakika kadhaa baada ya kitu kupita, ikiwa hali inazidi wiki hadi wiki, au ikiwa imeanza ghafla. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

## Alikuwa mtulivu miaka yote, sasa anashtukia hata ndoo yake

Usianze na mafunzo. Anza na daktari wa mifugo, na mwambie aanze na macho.

Kuna uvimbe wa ndani ya jicho unaowapata farasi, unaokuja na kuondoka na kurudi tena, na ndio unaoongoza duniani kwa kuwapofusha. Katika siku mbaya jicho linatoa machozi, linafumba nusu, linakimbia mwanga, mboni inasinyaa na ndani kunaonekana ukungu wa samawati au weupe. Kisha linatulia, kila mtu anasahau, na kila likirudi linaacha kovu. Wengi huliona chozi wakalaumu vumbi au nzi. Farasi mwenye jicho la namna hiyo haoni kama jana, na dunia ambayo umbo lake linabadilika kila mwezi inatisha. Jicho linalofumba kwa maumivu ni la kumwita daktari siku hiyo hiyo, si baada ya wikendi.

Jaribio moja unaweza kulifanya mwenyewe: simama begani, pitisha kiganja polepole kuelekea jichoni kutoka nyuma, bila kupunga upepo na bila kugusa ndevu zake. Jicho linaloona litapepesa. Fanya pande zote mbili. Halikupi jibu kamili, lakini ukiona tofauti kati ya kulia na kushoto, una jambo la kumwambia daktari.

Macho yakiwa salama, tafuta maumivu. Mnyama anayeumwa yuko tayari kukimbia muda wote, na kitu kidogo kinatosha kumwasha. Pitisha vidole ndani ya masikio, kwa kuwa kupe huko huwatesa farasi wengi wa malisho yetu na farasi mwenye masikio yanayouma atarusha kichwa kila sauti ikija kutoka upande huo. Angalia meno, angalia mgongo chini ya tandiko. Farasi akinenepa au akikonda, tandiko lililomkaa mwaka jana leo linambana mabega, na kila akigeuka kutazama kitu linamchoma. Hatimaye anaogopa kutazama. Vidonda vya tumbo navyo vipo sana. Tumbo la farasi linatoa asidi mchana na usiku, awe anakula au hali, kwa hiyo anayepewa nafaka mara mbili kwa siku na kuachwa saa nyingi bila nyasi anachomeka ndani. Huyo utamtambua kwa kununa ukifunga mkanda wa tumbo, kuacha chakula horini, manyoya yasiyong'aa, na wepesi wa kushtuka ambao zamani hakuwa nao.

Majike wengine wanabadilika siku za joto lao. Daftari litakuonyesha kama linajirudia kila wiki tatu hivi.

## Anashtuka upande mmoja tu

Ikiwa kila mstari wa daftari unasema "jicho la kulia", rudi kwenye sehemu iliyotangulia, jicho na sikio la upande huo. Lakini chanzo kingine ni cha kawaida zaidi: sisi. Farasi tunamshika kutoka kushoto, tunamvisha hatamu kutoka kushoto, tunampanda kutoka kushoto, tunamwongoza tukiwa kushoto. Upande wa kulia haujawahi kuzoea chochote. Tiba yake ni ya kuchosha na ni rahisi: kwa mwezi mzima, kila linalofanywa kushoto lifanywe pia kulia, hata kumsugua na kumwongoza kwenda kunywa maji.

Wapanda farasi wana imani kwamba bongo mbili za farasi hazizungumzi, ati alichokiona kwa jicho moja jicho la pili halikijui. Si kweli. Vipimo vimeonyesha kwamba jambo alilojifunza kwa jicho moja tu analitambua akifungwa hilo na kufunguliwa jingine. Kwa hiyo akipita sawa wakati wa kwenda na kushtuka wakati wa kurudi, sababu iko kwingine.

## Alikiona jana, leo anakikimbia

Hii ndiyo inayowafanya watu wapandwe na hasira, kwa sababu inaonekana kama ukaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, waliichunguza: waliwazoesha farasi kupita karibu na seti ya plastiki ya kuchezea watoto hadi wakaacha kuijali, kisha wakaigeuza upande. Kitu kile kile, mahali pale pale. Farasi wakakitazama na kukiepuka kana kwamba ni kipya. Matokeo hayo yalitoka 2021, na yanaeleza mengi: ukirudi kwa njia ile ile, mkokoteni uliouona kwa mbele sasa unauona kwa nyuma. Kwa farasi huo ni mkokoteni mwingine.

Ukimzoesha kitu, basi, kizungushe. Akikubali kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma, kikiwa kimesimama na kikiwa kimelala, ndipo useme amekizoea. Na angalia vitu vidogo vilivyobadilika ambavyo jicho lako limevipuuza: tawi lililoanguka, jiwe lililopakwa chokaa, geti lililoachwa wazi. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania ikafuata Juni 2019, wenye farasi tulipumua kidogo kwa sababu juala linalopeperuka ndilo lililokuwa adui namba moja barabarani. Nafasi yake imechukuliwa na magunia, nailoni zilizochanika za mabanda ya mboga, turubai za vibanda, na kila uchaguzi ukija, mabango.

Kuhusu rangi, farasi anatofautisha vizuri samawati na njano, lakini nyekundu na kijani vinamchanganya. Gunia jeupe juu ya majani linampiga usoni; kitambaa chekundu mahali hapo hapo kinaweza kupita bila kuonekana. Uingereza ilitangaza mwaka 2022 kwamba viunzi vya mbio za farasi vitaacha alama za rangi ya chungwa na kutumia nyeupe, kwa kuwa farasi wanaiona vizuri zaidi. Ukichagua vitu vya kuzoeshea, weka na vyeupe.

## Anagoma kwenye kivuli, dimbwi au mlango wa banda

Macho ya farasi yanaona vizuri gizani, lakini yanachukua muda mrefu kuliko yetu kuzoea giza baada ya mwanga mkali. Ukimtoa kwenye jua la saa saba na kumtia kwenye banda la mabati lisilo na dirisha, kwa muda haoni kitu, na wewe unamvuta. Msimamishe mlangoni ahesabu pumzi zake. Ukiweza, washa taa ndani au fungua mlango wa pili. Vivyo hivyo na vivuli vikali vya miti barabarani: yeye anaona shimo. Dimbwi nalo halina kina kinachoonekana. Mlegezee hatamu ashushe kichwa anuse, na mara nyingi suala linaishia hapo.

## Anaogopa wanyama wengine

Hapa mambo ni marefu, kwa sababu kila mnyama anaogopwa kwa njia yake.

Ngamia ndiye kinara. Farasi ambaye hajawahi kumwona anaogopa umbo, anaogopa mwendo, na zaidi ya yote anaogopa harufu. Jambo hili lilishaamua vita. Karne ya sita kabla ya Kristo, Koreshi wa Uajemi alipokutana na askari wapanda farasi wa mfalme Croesus wa Lydia, aliwatanguliza mbele ngamia wa mizigo wakiwa na watu migongoni. Wagiriki wameandika kwamba farasi wa Lydia walipopata harufu yao waligeuka, na wapandaji wakalazimika kushuka na kupigana kwa miguu. Leo mkasa huohuo, bila mikuki, unaweza kukupata kwenye fukwe za Diani na Nyali ambako ngamia wa watalii wanapita. Farasi aliyeletwa pwani kutoka bara anahitaji kufundishwa ngamia kabla ya kupewa mgeni ampande. Na kwamba hili linawezekana halina ubishi: nenda Oman, ambako maonyesho ya farasi na ngamia yaitwayo ardha yamo kwenye orodha ya urithi wa UNESCO tangu 2018. Pale wanyama hawa wamekua pamoja na hakuna anayemjali mwenzake.

Anza na upepo. Mweke farasi kwenye uwanja au malisho mahali ambapo upepo unatoka kwa ngamia kwenda kwake, mbali kabisa, na aachwe ale. Siku zikipita ngamia wasogezwe. Usimpande mpaka akishinda nao jirani bila kuinua kichwa. Ukiweza kuweka na farasi mzee asiyewajali, kazi itakuwa nusu, nami nitalirudia hilo chini.

Nguruwe ni hivyo hivyo, harufu na kelele. Ukipita Limuru au Kikuyu kuna mabanda ya nguruwe ambayo farasi anayajua kabla hujayaona. Punda wanawashangaza watu: mtu anadhani farasi atamwona ndugu yake, kumbe punda wa mkokoteni akilia mara moja, farasi wa mbio aliyesimama mbele ya maelfu ya watu anataka kurudi Nairobi. Dawa ya punda ni kukaa naye malisho moja. Wiki chache, na mara nyingi wanakuwa marafiki wasioachana, ambayo ni shida nyingine.

Mbwa ni tofauti, kwa sababu mbwa anakimbiza. Hofu hii ina haki. Geuza farasi amtazame mbwa, simama, sema na mbwa kwa sauti nzito. Mbwa wengi wanakimbiza mgongo, si uso. Usikimbie, maana ukikimbia umewafunza wote wawili. Farasi aliyewahi kuumwa anahitaji kuanza upya na mbwa mpole aliyefungwa kamba, kwa mbali. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na farasi hasahau mahali alipoumia.

Ngiri wa Karen na Lang'ata wanachomoka vichakani mikia juu. Kanga na kwale wanafumuka. Tumbili wanatikisa matawi juu ya kichwa chake. Hawa huwezi kumfunza mmoja mmoja; unachofunza ni kile anachokifanya baada ya kushtuka, yaani kusimama na kukusubiri.

Na kuna wanyama ambao farasi ana haki kamili kuwaogopa. Ukiwa Laikipia au chini ya Kilimanjaro upande wa magharibi, farasi akisimama, masikio yameelekezwa kichaka kimoja, haendi hata ukimpiga, usimpige. Mwamini. Nyati aliyelala na tembo aliyesimama kimya kivulini huonwa na farasi kwanza. Waongozaji wanaopanda huko hufuata masikio ya farasi kabla ya kuamini macho yao, na farasi aliyezoeshwa kupita kiasi hadi hajali chochote ni hatari katika nchi ya namna hiyo.

## Anashtuka akiwa peke yake, au akiwa mbele ya msafara

Huyu haogopi gunia, anaogopa upweke. Dalili zake: analia kuita wenzake, anakaza mwendo akielekea nyumbani, anashtuka zaidi kadiri anavyotoka mbali na zizi, na vitu vile vile havijali akiwa nyuma ya mwingine. Farasi wengi wa kupanda Nairobi wametoka mbio za Ngong. Wamezoea kelele, malori, umati na mikono ya watu, lakini maisha yao yote wamefanya mazoezi wakiwa kundi. Mtu anamnunua, anamtoa peke yake kwenye njia ya vumbi Jumapili, halafu anashangaa.

Utafiti wa Denmark ulionyesha kwamba farasi asiyejua kitu, akikutanishwa nacho akiwa na mwenzake aliyekizoea, mapigo ya moyo wake hayapandi sana kama akiwa na mwenzake asiyekijua, na faida inabaki hata akijaribiwa baadaye peke yake. Mzee mtulivu ni mwalimu kuliko wewe. Mtangulize mzee, kisha watembee sambamba, kisha mgeni atangulie pua tu, kisha mwili mzima, kisha waachane hatua chache na kukutana tena. Mwenye haraka atarudia hatua hizi mara mbili.

## Anashtuka siku fulani fulani

Jumanne, kwa mfano, kama Jumatatu ni siku ya mapumziko yake. Au asubuhi za baridi za Juni na Julai, upepo ukivuma kutoka Ngong. Ikiwa daftari linaonyesha siku badala ya vitu, tazama hori na kazi. Farasi wa kilo 450 anahitaji nyasi kavu kilo 7 hadi 9 kwa siku. Wengi wanapewa nusu ya hiyo, kisha pengo linazibwa na shayiri, mahindi yaliyosagwa na molasi, mgao wa farasi wa mbio kwa mnyama anayetembea saa moja kwa siku na kusimama chumbani saa ishirini na tatu. Punguza nafaka polepole, ongeza nyasi, na mwachie malishoni na wenzake. Nimeona matatizo mengi ya "wazimu" yakiishia malishoni kuliko uwanjani.

Siku za upepo mkali, anza na kazi ya ardhini, au pumzika. Upepo unavuruga sauti na harufu na kila kitu kinatikisika. Akili yake imeshajaa kabla hujakanyaga kikuku.

## Anashtuka na mtu mmoja, na mwingine hapana

Huu ndio ukurasa wa daftari ambao mwenye farasi hapendi kuusoma. Watafiti wa Uswidi walichapisha mwaka 2009 jaribio ambalo kila mpanda farasi anapaswa kulijua. Watu waliwaongoza na kuwapanda farasi kupita njia moja mara nne. Kabla ya mara ya nne waliambiwa mwavuli utafunguliwa wakati wakipita. Mwavuli haukufunguliwa. Mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi nayo yakapanda, ingawa farasi hawakuwa wameambiwa kitu na hakuna kilichotokea.

Mpanda anayekumbuka mshtuko wa jana anafika kwenye kona ile, anabana mapaja, anafupisha hatamu, anashika pumzi na kukitumbulia macho kitu. Kwa farasi hiyo ni taarifa: hapo pana jambo. Mpe huyo kazi ya kufanya kabla ya kona: ahesabu hatua kwa sauti, aimbe, atazame mti ulio mbele zaidi. Kuimba hakuwezekani ukiwa umeshika pumzi. Na kama ameshaanguka na anaogopa kweli, apande farasi mwingine kwa muda huku mtu mwenye mkono mwepesi akimshughulikia huyu. Hakuna aibu. Kuwalazimisha waoga wawili wafundishane ujasiri ndiko kunakovunja mifupa.

## Akishtuka sasa hivi, ufanye nini

Ukiwa ardhini: simama usawa wa bega lake, kamwe si mbele, kwa kuwa akiruka ataruka ulipo wewe. Kamba iwe ndefu, mita tatu na nusu hivi, iliyokunjwa mkononi kwa mikunjo ya kulala, isizungushwe kiganjani. Masaisi wamepoteza vidole kwa mazoea hayo. Vaa glavu.

Ukiwa juu: usivute hatamu zote mbili kwa pamoja ukaendelea kuvuta, anazisukuma na kuegemea. Fungua mkono mmoja upande, mgeuze duara pana, lipunguze kadiri anavyopungua mwendo. Kwenye lami usigeuze kwa ghafla. Kwato zenye viatu vya chuma huteleza na mtaanguka wote. Ukikiona kitu mapema, usimwelekeze pua kwake. Mwinamishie pua upande wa pili, mguu wako umsukume kidogo kuelekea kitu, mpite kwa ubavu. Ila kabla ya kufanya hivyo barabarani tazama nyuma: ataruka mbali na kitu, na huko ndiko lilipo lori. Kama huna nafasi, shuka mapema akiwa bado mtulivu. Kofia ngumu ni wakati wote, hata kwa saisi anayempeleka tu kunywa maji bila tandiko.

Usimpige. Akichapwa mbele ya gunia, gunia limeuma. Keshokutwa ataliogopa kwa mita kumi zaidi.

## Kumzoesha

Kazi yote iko kwenye umbali. Kuna umbali ambao farasi anakiona kitu, anakijali, lakini bado anaweza kula karoti. Hapo ndipo pa kuanzia. Akiinua shingo, akashika pumzi, masikio yamekaza, umepita mpaka. Rudi nyuma kabla hajaamua mwenyewe. Akishusha kichwa na kupumua, msifu, mkune mwanzo wa mgongo pale shingo inapoishia, maana farasi hukunana hapo wenyewe na moyo hutulia, kisha ondoka na kitu, si farasi. Kila kitu kinapoondoka yeye akiwa ametulia, anajifunza kwamba utulivu ndio unaokifukuza. Kikiondoka akiwa anarukaruka, amejifunza kinyume. Dakika kumi zinatosha. Acha akiwa bado anataka.

Wako wanaomfunga farasi nguzoni na kumpepea turubai hadi aache kupigana. Ataacha, ndiyo. Ataacha kwa kukata tamaa, na wengine wanajivunja shingo kabla ya hapo. Farasi wa namna hiyo anaonekana mtulivu hadi siku anapopasuka, na siku hiyo hakuna dalili ya kukuonya.

Kwa vitu vinavyotembea, bodaboda hasa, geuza mambo: badala ya bodaboda kumjia farasi, farasi aifuate bodaboda. Tafuta kijana mwenye subira, mlipe muda wake, mwambie aende polepole uwanjani, injini chini. Farasi afuate kwa mbali. Akikaza mwendo kwa udadisi, kijana asogee mbele kidogo, kana kwamba anamkimbia. Baada ya muda farasi anaamini yeye ndiye anayefukuza. Fupisha umbali, mwache anuse tairi la nyuma injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwashwa. Kumpita ubavuni ni baadaye, kumjia uso kwa uso ni mwisho kabisa, na honi ni siku yake peke yake. Njia hiyo inafaa kwa baiskeli, mkokoteni, toroli na hata ng'ombe wanaoenda zao.

Siku ya kwanza barabarani aende nyuma ya mzee, upande wa ndani mbali na magari, saa ambayo matatu ni chache, na njia iwe fupi kuliko unavyodhani anaweza. Mkirudi mapema, mpeleke akale. Kesho mtapita tena.